Tulivyojaza picha za bure kwenye kijitabu chetu cha Amu, kila moja na mwenyewe

Kijitabu chenyewe ni kidogo, saizi ya A5. Kinaeleza nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, milango, majahazi, kofia na vyakula vya Amu, yaani mji wa Lamu. Wageni wanauziwa, shule zinapewa bure, na maandishi yake tumeyaweka pia mtandaoni. Waandishi tulikuwa nao, na mchapaji wa Mombasa tulishaelewana naye bei. Pesa ya picha ndiyo haikuwepo kabisa, na kazi ya kuzitafuta nikapewa mimi.

Sharti nililoliweka mwanzoni, na wenzangu wakalikubali, ni kwamba haiingii picha ambayo hatumjui mwenyewe wala hatujui ametoa ruhusa gani. Nilikuwa na sababu. Mwenzetu mmoja anayepiga picha za mashindano ya majahazi alikuta kazi yake kwenye bango la nyumba ya wageni, imekatwa ile pembe yenye jina lake. Hakuulizwa, hakulipwa, na alipofuatilia akaambiwa picha ilikuwa "kwenye intaneti". Yeye alikaa ndani ya mashua tangu alfajiri, kamera ameifunga kwa mfuko wa nailoni, ili alipate lile tanga limejaa upepo. Hatukuwa tayari kumfanyia mtu wa mbali yale yaliyomuumiza mtu wetu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iko upande wake. Picha ina mwenyewe tangu inapopigwa, hata kama haijasajiliwa popote na haina alama yoyote. Ulinzi wake ni miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza au ilipochapishwa mara ya kwanza, ile tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Kwa hiyo Google si mwenye picha. Yeye anakuonyesha ilipo tu. Hata ukichuja matokeo yake ubaki na yale ya leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za wazi ambazo mwenye picha hutoa kwa masharti aliyoyachagua, bado inabidi ufungue ukurasa ilikotoka picha ukasome kwa macho yako.

Mahali nilipokaa zaidi ni Wikimedia Commons, ghala lililoanza mwaka 2004 chini ya shirika lile lile la Wikipedia. Nilipapenda kwa kanuni moja: halipokei picha iliyokatazwa kutumika kibiashara, wala iliyokatazwa kubadilishwa. Sisi tunauza kijitabu, kwa hiyo kanuni hiyo peke yake iliniondolea nusu ya wasiwasi. Kutafuta kwa neno "Lamu" tu kunaleta mchanganyiko. Ni afadhali kuingia kwenye kategoria, halafu ujaribu majina ya mahali kwa tahajia zake zote, maana Shela wengi huiandika Shella. Jaribu pia Takwa, Manda, Siyu na Pate, kila moja peke yake.

Lakini leseni safi haimaanishi maelezo ni ya kweli. Nilipata picha nzuri sana ya mlango, kubwa, kali, leseni yake haina tatizo, na imeandikwa kwamba ni mlango wa Lamu. Ulikuwa na safu za misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka. Nikampelekea mzee mmoja seremala, nikamwonyesha kwenye simu. Hakuishika hata ile simu. "Huu si wetu, mwanangu. Huu wa Unguja." Akanipeleka kwenye mlango wa jirani yake, akanionyesha mfaa uliosimama katikati na nakshi yake, na nakshi ya juu, mbao za pande mbili zikiwa shwari. Picha ile niliiacha, na tangu siku hiyo kila picha ya mlango ilipita kwa mzee kwanza. Mtu akiwa Ulaya anaweza kusoma leseni vizuri kuliko mimi, lakini mlango wa Amu hawezi kuujua kumshinda seremala wa Amu. Kazi hii inafaa ifanywe na wenyeji.

Picha ikishakubalika, niliijaza kwenye jedwali papo hapo, kabla hata ya kufungua nyingine. Mfano mmoja: punda wawili wamebeba mawe ya matumbawe kando ya bahari. Niliandika jina la faili, jina la mpiga picha kama yeye mwenyewe anavyotaka litajwe, anwani ya ukurasa, leseni pamoja na namba ya toleo lake, upana na urefu kwa pikseli, tarehe niliyoipakua, na tulichoibadilisha. Halafu nikapiga picha ya skrini ya ukurasa wote. Hilo la skrini lina maana zaidi kwa Flickr, mtandao ambao watu hupakia picha zao, kwa sababu kule kila picha ina leseni yake na mwenyewe anaweza kuibadilisha kesho. Leseni ya Creative Commons uliyokwisha kuipata haifutwi nyuma, ila lazima uweze kuonyesha kwamba siku ile uliyoichukua ndivyo ilivyokuwa.

Leseni zenyewe za Creative Commons (CC) ziko sita, na nje ya hizo sita iko CC0, ambayo mwenyewe ameachilia haki zake zote kadiri sheria inavyoruhusu. CC BY inataka umtaje tu. Zenye NC zinakataza biashara, nazo tuliziweka kando hata kama kijitabu ni cha kikundi na bei yake ni ya kugharimia chapa. Kuuza ni kuuza. Zenye ND hazikutufaa kwa sababu huruhusiwi kuisambaza picha uliyoibadilisha, na kurasa zetu zilitaka picha zikatwekatwe.

CC BY-SA ndiyo iliyotuletea mjadala. Mweka hazina wetu aliogopa kwamba picha moja ya namna hiyo ingetulazimisha kuachilia kijitabu kizima bure. Tulikaa tukasoma pamoja. Picha ikiwekwa kama ilivyo kando ya maandishi, maandishi yanabaki na haki yake. Huo ni mkusanyiko. Ukiibadilisha, ile picha uliyoibadilisha ndiyo inayopaswa kutolewa kwa leseni ile ile. Jahazi la ukurasa wa katikati tulilikata na kuligeuza jeusi na jeupe, na chini yake pameandikwa jina la mpiga picha, Wikimedia Commons, CC BY-SA 4.0, kisha "imekatwa na kuondolewa rangi". Mtandaoni jina la leseni ni kiungo cha kubonyeza. Kwenye karatasi hakuna cha kubonyeza, kwa hiyo ukurasa wa nyuma una anwani kamili za leseni na za kurasa zilikotoka picha.

Picha moja ya Flickr niliitaka sana: mafundi wa kijiji cha Matondoni wakiziba mianya ya mashua kwa pamba. Ilikuwa ya NC. Nilimwandikia mwenyewe, nikamweleza kijitabu ni nini, kitauzwa wapi na picha itakaa ukurasa upi. Leseni haimzuii mwenyewe kukupa ruhusa nyingine ya pembeni. Akajibu kwa barua pepe kwamba ameridhia, akaomba nakala tu. Barua ile iko kwenye faili letu.

Sasa upande wa chapa, ambao ndio uliozitupa picha nyingi kuliko leseni. Mchapaji alitaka pikseli 300 kwa kila inchi. Nikaigeuza hesabu hiyo iwe rahisi kwa wenzangu: kila sentimita moja ya karatasi inataka pikseli 118. Picha ya kujaza ukurasa mzima wa A5 inataka 1748 kwa 2480, na kidogo zaidi kwa ajili ya ukingo unaokatwa na mashine. Picha ya pikseli 800 inapendeza kwenye simu, lakini kwenye karatasi haivuki sentimita saba kabla haijaanza kufifia. Ndiyo maana ukiwa Commons usihifadhi ile unayoiona kwenye ukurasa. Tafuta faili asili, ndiyo kubwa. Na ukimtumia mpangaji wa kurasa kwa WhatsApp, mtumie kama hati. Ukiituma kama picha inabanwa, na ukubwa wote uliouhangaikia unapotelea njiani.

Tovuti za picha za bure, Unsplash, Pexels na Pixabay, nilizitumia kidogo, kwa nazi, bizari na iliki. Watu wengi bado wanasema picha zake ni CC0, lakini Unsplash iliiacha CC0 mwaka 2017 na Pixabay mwaka 2019. Sasa zote zina leseni zao wenyewe, zinazoruhusu mengi ila haziruhusu kuuza picha ikiwa vilevile ilivyo. Kumtaja mpiga picha si lazima, nasi tuliwataja wote. Maelezo yetu yalisema "nazi", hayakusema "nazi za Lamu", kwa kuwa hatujui mnazi ule uko nchi gani.

Jalada la ndani lina visiwa vyetu vikionekana kutoka angani. Hiyo ni ya NASA, shirika la anga la Marekani, ambayo picha zake kwa kawaida hazina hakimiliki. Unaitaja tu kama chanzo, na hutumii nembo yake wala kuonyesha kama inakuunga mkono. Kwa majengo hatukupata shida, maana sheria ya Kenya inaruhusu kutoa picha ya kazi ya sanaa iliyo mahali umma unapoiona.

Watu ni jambo jingine. Leseni ni ya mpiga picha, haimsemei aliyepigwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu sura ya mtu kuwa taarifa yake binafsi, na hata isingekuwepo sheria, Amu ni mji wa watu wa heshima zao. Picha za watoto wa madrasa wanaotambulika uso niliziacha zote, nyingine zikiwa nzuri mno. Picha ya Maulidi tuliyoichukua ni ya mbali, wanaonekana kanzu na matari.

Kofia hatukupata kabisa picha ya kuridhisha, basi tukapiga wenyewe. Mama mmoja wa Langoni alikubali tukae naye barazani akishona. Nilimweleza kwamba picha itachapishwa na pia itawekwa mtandaoni, mtu yeyote ataweza kuitumia, hata nchi za nje. Akafikiri, akavuta buibui. "Mikono piga, mwanangu. Uso wangu uwate." Ndivyo ilivyo: vidole, sindano, kitambaa cheupe na tundu zile ndogo zilizozungushiwa uzi. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Tulipiga pia zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba moja kwa idhini ya wenyewe, na mkate wa mofa ukitolewa kwenye tanuri.

Hizo zetu tumezipakia Commons kwa CC BY-SA 4.0, kila moja na maelezo ya Kiswahili na Kiingereza, na majina yake sahihi: mfaa, kidaka, daka, kofia ya vito. Atakayetafuta mlango wa Amu sasa atapata mlango wa Amu.

Kijitabu kinachofuata kitahusu Siyu na Pate. Picha za ngome ya Siyu tumeshapata za kutosha. Tunazotafuta ni za mafundi wa ngozi wakiwa kazini, pikseli zisipungue 1748 upande mfupi, na aliyepigwa awe ameridhia. Mwenye nazo akiwa tayari kuzitoa kwa CC BY au BY-SA, jina lake litakaa chini ya picha yake, ukurasa ule ule.