Pointi za timu: mpe aliyepanda, siyo aliyewahi kunyoosha kidole

Kila mwalimu wa msingi ninayemjua ameshachora vile vijiti pembeni ya ubao, timu A timu B, mkijibu kijiti mkikosa hamna kitu, na darasa linawaka kweli, watoto wananyoosha vidole mpaka wanasimama juu ya dawati, madam mimi! madam mimi! Sasa hebu waangalie vizuri hao wanaowaka. Ni walewale sita saba ambao hata bila pointi wangenyoosha. Wengine wote ni mashabiki tu, kazi yao kupiga makofi.

Mi nafundisha hesabu darasa la tano, watoto zaidi ya 80, dawati moja wanabanana watatu. Pointi nazitumia sana ila nazihesabu kwa mtindo mwingine, na wala siyo wa kwangu, umeanzia Marekani huko chuo kikuu cha Johns Hopkins miaka ya 1970, kuna mtafiti anaitwa Robert Slavin na wenzake ndo waliuandaa. Unachukua orodha ya darasa, unachanganya wa juu, wa kati na wa chini kwenye kila timu. Mi nageuza tu madawati mawili yatazamane, tayari nina timu ya watu sita. Unafundisha kama kawaida, afu wanafanya mazoezi pamoja, wanaelekezana, ila siku ya testi kila mtu na karatasi yake, hakuna kuchungulia.

Utamu uko kwenye kutoa pointi. Mtoto analinganishwa na wastani wake mwenyewe wa testi zilizopita, kwa maksi za 100. Ukishuka zaidi ya 10 chini ya wastani wako unaipelekea timu pointi 5. Ukishuka kidogo, kuanzia 1 mpaka 10, unapeleka 10. Ukibaki palepale au ukipanda mpaka 10 unapeleka 20, ukipanda zaidi ya hapo 30. Na anayepata zote anapewa 30 hata kama ndo kawaida yake, maana huyo atapanda aende wapi tena?

Matokeo yake ni vituko. Kuna kijana wastani wake 18, akapata 31, akapeleka 30. Timu hiyohiyo kuna binti wa 92 kapata 85, kapeleka 10. Akaja mezani kwangu kanuna, "Madam, mimi 85 yeye 31, sasa anizidije?" Kabla sijafungua mdomo wenzake huko nyuma wakapaza sauti "wewe umeshukaaa!" Darasa zima kicheko. Ila wiki iliyofuata nikamkuta huyohuyo binti kamkalisha yule kijana anamwelekeza kwa nini 1/2 jumlisha 1/3 siyo 2/5, kakunja karatasi ya daftari anamwonyesha, "ona, nusu peke yake ishaizidi hiyo 2/5 yako, sasa umeongeza au umepunguza?" Aisee, mi mwenyewe nilikuwa nimelieleza hilo mara ngapi ubaoni kwa KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, na bado halikuingia.

Kitu kingine, usitafute mshindi mmoja. Mi nimeweka wastani wa 20 kwa timu, inayofika imeshinda, zikifika zote zimeshinda zote. Timu zikiona ni lazima mmoja ashinde wengine walie, ndo unaanza kusikia "wewe ndo umetupotezea", na mtoto mzito akishaambiwa hivyo mara mbili siku ya testi anaumwa tumbo. Nachukua wastani na siyo jumla kwa sababu ya utoro, siku za mnada kuna timu inabaki na watu wanne.

Majina ya timu nayo msiyachukulie poa. Waachie wachague wenyewe utapata Simba tano na Yanga saba na ugomvi wa kutoka nyumbani kwao. Mi natumia hifadhi, Ruaha, Mikumi, Katavi, Kitulo, angalau hapo mtoto anajifunza na jiografia kidogo.

Kwenye nidhamu pia inafanya kazi, na huko ni kwa zamani zaidi. Mwaka 1969 ilichapishwa taarifa ya darasa la nne huko Kansas, watoto 24 timu mbili, ukipiga kelele au ukiinuka bila ruhusa timu yako inachorwa alama, na zisipozidi idadi fulani timu zote mbili zinashinda. Kelele zilipungua sana. Ila kulikuwa na wawili waliogoma kucheza wakawa wanawaponza wenzao, ikabidi watolewe wawe timu yao peke yao, na mi nadhani mwalimu yeyote anawajua hao wawili kwa majina hahaha. Sasa 24 na 80 ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo kelele siziwekei pointi kabisa, nitachora alama mpaka chaki iishe.

Zawadi? Pipi hapana, mshahara gani huo. Timu zilizoshinda zinapokezana kupiga kengele ya shule, ile rimu ya gari inayoning'inia mwembeni, na hamtaamini watoto wanavyoitolea jasho hiyo rimu. Mwalimu wa zamu mwanzoni alilalamika kengele inapigwa ndefu mno, nikamwambia avumilie.

Mnaouliza muda wa kukokotoa yote haya mnaupata wapi, mi sikokotoi. Kila timu inatafuta wastani wake yenyewe na timu ya jirani inahakiki, na wanahakiki kwa roho mbaya kweli, pointi ya uongo haipiti. Hapo umeshafundisha wastani bila kuandaa somo. Kinachonisumbua ni insha tu, mwenzangu wa Kiswahili anataka kujaribu ila kusahihisha insha 80 kila wiki ndo mziki wenyewe, mwenye mbinu aseme.