Nilikata boksi la viatu nikalivaa kama saa

Ngoja nianze na aibu yangu. Oktoba 2024 Patek Philippe, watengeneza saa wa Uswisi, walipotoa Cubitus, ile saa yao mpya ya mraba, mimi nilikuwa macho usiku nasoma kila kitu, picha nazikuza mpaka zinakuwa chenga, na kitu kimoja kikanikaa kooni, milimita 45. Arobaini na tano! Mkono wangu nikiupima kwa futi ya fundi cherehani ni sentimita 16 na nusu, mkono wa kawaida tu wala si mwembamba wa kuonewa huruma, nikasema hapana, hili nilione kwa macho. Nikachukua boksi la viatu, nikapima na rula, nikakata mraba wa 45, pembe nikaziviringa kidogo kama zao, nikajibandika kwa selotepu. Jamani. Nilikuwa kama nimevaa kigae cha bafuni. Limetoka ukingo huu wa mkono mpaka ukingo ule, na nikikunja kiganja pembe inanichoma.

Shida ni kwamba tumezoea kusoma namba za saa za duara, halafu namba hizo hizo tunazipeleka kwenye mraba. Duara la 45 limeshakatwa pembe zote nne, mraba hujaupunguza kitu, kwa hiyo namba ni ile ile ila saa inayokaa mkononi ni kubwa zaidi kabisa. Nikakata na duara la 36 kwa boksi lile lile nikaliweka pembeni yake, likakaa kama limezaliwa pale. Haya, 2025 Patek hao hao wakatoa Cubitus ya milimita 40, moja dhahabu nyeupe moja dhahabu ya rangi ya waridi. Sisemi kwamba walisikia habari za boksi langu, lakini na wao naona walikaa wakapima.

Na si wao peke yao, ndo maana nimekaa kuandika. Aprili 2025 kwenye maonyesho ya Watches and Wonders pale Geneva, A. Lange & Söhne walileta saa iitwayo 1815, ya milimita 34, thelathini na nne, kwa watu wazima! Grand Seiko wakaja na Spring Drive U.F.A. ya 37. Tudor walishatangulia 2023 na Black Bay 54, saa ya kuzamia ya 37, na wakati inatoka kuna watu walikuwa wanauliza kama ni ya wanawake. Kwa asiyekumbuka tumetoka wapi: Audemars Piguet walipotoa Royal Oak Offshore mwaka 1993 ikiwa na milimita 42 watu waliipa jina la Mnyama, kwa ukubwa huo tu wa 42, halafu 2005 Hublot wakaja na Big Bang ya 44 na baada ya hapo kila mtu akawa anatembea na sahani mkononi. Sasa mnyama mwenyewe wa zamani anaonekana saizi ya kati. Mimi nimefurahi sana sitaki kuficha.

Cartier wao naona wanacheka tu, manake hawakuondoka sana huko kwenye udogo. Saa yao ya Tank ilichorwa 1917 na mpaka leo haijawahi kuhitaji kuomba radhi. Iliyoniua mimi ni Tank à Guichets waliyoirudisha 2025, ya kwanza ilitoka 1928, haina mishale kabisa, ni bati la dhahabu au platinamu lenye vidirisha viwili, kimoja kinaonyesha saa kingine dakika, basi. Ikifika saa kamili namba kwenye kidirisha inaruka kwenda nyingine. Ukiwa mbali huwezi kujua kama mtu kavaa saa au kavaa kipande cha bangili, na hilo ndo raha yake.

Ila iliyopigiwa kelele kuliko zote ni Rolex Land-Dweller na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naona nusu ya watu waliishia kwenye sura. Wakasema bangili imeungana na kesi, yaani ganda la saa, kama Royal Oak, wakasema uso una vitobo vya sega la nyuki, wakasema inafanana na zile Rolex za betri za miaka ya 70, Oysterquartz, na kweli inafanana. Sawa. Lakini geuza nyuma. Rolex ambao karibu saa zao zote wanazifunika mgongo kwa chuma kama wanaficha deni, hii wameiwekea kioo, na mtu aliyezoea kuficha akikufungulia mlango ujue kuna kitu anataka ukione.

Kitu chenyewe ni eskepmenti. Kwa ambaye hajawahi kufungua saa, ndani kuna springi imejikunja inataka kufunguka yote kwa mpigo, na kuna kitu lazima kiizuie kiwe kinaiachia kidogo, kidogo, kidogo, hicho ndo eskepmenti na hiyo tiki tiki unayoisikia ni yenyewe inafunga na kufungua. Saa karibu zote za springi za Uswisi zinatumia mfumo mmoja wa zamani wenye kauma kadogo kenye vito viwili vya rubi, na meno ya gurudumu yanateleza juu ya vile vito, ndo maana unahitaji mafuta, na mafuta yakikauka saa inaanza kuyumba unampelekea fundi. Rolex wamekuja na wanaouita Dynapulse, magurudumu mawili ya silikoni yanayopokezana, meno yanabingirika badala ya kusuguana, na wenyewe wanasema inatumia nguvu vizuri zaidi kwa asilimia 30. Nguvu waliyookoa wameitumia kuifanya saa ipige mara 10 kwa sekunde badala ya 8 za kawaida, na bado ukiivua inaendelea saa 66. Yote hayo ndani ya kesi yenye unene wa milimita 9.7, na unachagua 36 au 40. Omega walishafanya jambo kubwa kama hili 1999 walipoingiza Co-Axial ya Mwingereza George Daniels, lakini kutoka hapo mambo kama haya hayatokei kila siku, kwa hiyo mtu akikwambia Land-Dweller ni sura tu mwambie ageuze.

Hiyo U.F.A. ya Grand Seiko nayo isipite kimya kimya. Ina springi kama saa yoyote, haina betri, lakini kinachoishika mwendo ni kipande cha kwatzi, kijiwe kile kile cha saa za betri, na inapotea si zaidi ya sekunde 20 kwa mwaka. Kwa mwaka! Yangu inapotea hivyo kabla sijamaliza kunywa chai.

Kuna mbio nyingine za wembamba, hizo mimi zimenipita kushoto. Richard Mille 2022 walifika milimita 1.75, Bulgari 2024 wakashuka mpaka 1.70, mwaka huo huo Konstantin Chaykin akaonyesha yenye 1.65. Ni ufundi wa kutisha sikatai ila saa nyembamba kama kadi ya benki naiona ni ya kuweka kwenye kabati la vioo. Nyuso za mawe nazo zimerudi, lapisi, malakiti, jicho la chui, vitu ambavyo Piaget walikuwa wanavifanya tangu miaka ya 60, na hizo nazipenda kwa sababu jiwe halirudii michoro, yako ni yako.

Walanguzi je? Wapo ila wamenyong'onyea. Nakumbuka Nautilus 5711 ya Patek ilipotangazwa kuondolewa mwanzoni mwa 2021 watu walipagawa, na Desemba ya mwaka huo ile ya rangi ya bluu ya duka la vito la Tiffany, ziko 170 tu duniani, ya kwanza ikapigwa mnada New York kwa dola milioni 6.5. Mwanzoni mwa 2022 bei za mtumba zikafika kileleni halafu zikaanza kuporomoka, na waliokuwa wananunua bila hata kutoa nailoni wakabaki nazo na nailoni zake. Halafu Agosti 2025 Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 39 kwa bidhaa za Uswisi, Novemba wakakubaliana uwe 15, katikati hapo hakuna aliyekuwa anajua auze au asubiri.

Sasa turudi kwenye boksi, kuna kitu kimenifurahisha. Novemba 2025 Phillips, wale wapiga mnada, waliuza Geneva Patek 1518 ya chuma cha pua, kwa faranga milioni 14.19 za Uswisi. Aina hiyo ilianza 1941, nyingi ni za dhahabu, za chuma zinazojulikana ni nne tu, na hii ilishauzwa 2016 kwa milioni 11. Unajua ina upana gani? Milimita 35. Na Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman mwenyewe, ile mkewe alimchorea mgongoni maneno ya kumwambia aendeshe kwa uangalifu, iliyouzwa dola milioni 17.75 mwaka 2017, ni kama 37. Hela nzito za namna hiyo ziko kwenye vidude ambavyo mtu angeviita vya kike. Na kwenye saa za zamani hela nyingi iko kwenye uso, uso wa asili ambao hakuna aliyeugusa.

Hapo ndo nilipopigwa. Baada ya kulala na lile duara la 36 kichwani nikaenda kutafuta yangu mtandaoni, nikapata ya miaka ya 60, milimita 34, ya kutia ufunguo kwa mkono, muuzaji kaandika uso wa asili haujaguswa. Picha safi. Ikafika, nikaivaa siku tatu sivui hata kulala, ya nne nikampelekea fundi anisafishie. Mzee akaweka kile kioo chake jichoni, akaiinamisha kwenye taa, akanyamaza. Halafu akanipa kioo. Vistari vya dakika pale karibu na tano na sita haviendi sambamba na alama za chuma zilizopachikwa, kimoja kiko kushoto kingine kimepanda juu, herufi za jina ni nene kama zimeandikwa na kalamu ya maki, na chini kabisa ambapo ilitakiwa kuandikwa nchi ilikotengenezwa hakuna kitu, kumepakwa tu. Uso umepakwa rangi upya, na aliyepaka naona alikuwa na haraka.

Nikamuuliza, mzee, na ndani je? Akafungua mgongo, akaiangalia sana, akaisogeza mizani, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, kwa ncha ya kibano ikacheza. Akasema mashine ni nzima kijana, ya tangu ilipozaliwa, ila uso huu ni wa juzi.

Muuzaji hajajibu meseji mpaka leo. Saa ninayo mkononi, inapotea dakika moja kwa siku, asubuhi naitia ufunguo mizunguko ishirini na mbili na kwa mkono wangu imekaa sawasawa, tena kuliko boksi.