Jabia imepasuka, na mzee wa mtaa hana muhuri

Aliyerudi kisiwani Pate, huku Lamu nchini Kenya, baada ya miaka mingi husimuliwa kwanza habari za bandari mpya. Mimi kilichonigutusha ni jabia, ile sakafu ya kukingia mvua na tangi lake la maji. Sakafu ina ufa unaopitisha kidole, mbuzi wanalala juu yake, na kila unayemuuliza ana jibu moja: "Twangoja mradi."

Mnaokumbuka mnajua ilivyokuwa. Kabla ya masika mzee wa mtaa hutuma mtu nyumba kwa nyumba, vijana wakafagia sakafu, mafundi wakakoroga chokaa, wanawake wakapika, na nyumba isiyo na kijana ikatoa mchele. Siku hizi mzee yupo barazani, ajua ufa umeanzia wapi na kwa nini, lakini hana muhuri, basi neno lake halina uzito.

Tunachopoteza kinahesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya mita 30 kwa 30, siku ya mvua ya milimita 40, hupokea lita 36,000. Toa robo kwa yanayorukia nje na kunywewa na sakafu, zabaki 27,000, yaani madumu 1,350 ya lita 20. Mvua ya siku moja! Nayo yazama mchangani huku tukinunua maji.

Ufa wenyewe ulishazibwa, tena vibaya. Fundi wa kandarasi alipaka saruji juu ya chokaa ya zamani. Saruji ni ngumu na chokaa ni laini. Jua likiwaka kila moja hutanuka kivyake, kiraka kikabanduka pembeni na maji yakapenya chini. Mchanga nao ulichotwa ufuoni, na chumvi. Mzee yeyote angemzuia, lau angeulizwa. Ufa wa jabia huchongwa kwanza upate kushika, sentimita mbili au tatu kwenda chini, ukafagiwa vumbi, ukaloweshwa. Kisha hujazwa chokaa iliyozimwa ikakaa majini wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga usio na chumvi. Hufunikwa magunia yanayoloweshwa asubuhi na jioni, siku saba. Ukiacha chokaa ikauke haraka, itapasuka tena.

Kosa la pili ni la mlango. Watu bado wampelekea chifu barua ya jabia kama zamani. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, huduma za maji ni za kaunti. Chifu na naibu wake wako upande wa serikali ya taifa. Chifu ataitisha mkutano na kutuliza ugomvi, lakini fungu la maji halimo mkononi mwake. Barua iende kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa mwakilishi wadi.

Tena iende mapema. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti si baada ya Septemba 1, kwa fedha zitakazoanza kutumika Julai ya mwaka unaofuata. Makadirio ya bajeti huwasilishwa si baada ya Aprili 30. Sisi twajaa ukumbini wakati huo wa makadirio, twapaza sauti, na jabia haimo kwenye mpango tangu mwaka uliopita. Barua iwe imefika Juni au Julai, na ndani yake kumbukumbu za mkutano zenye sahihi, vipimo vya sakafu na tangi, na karatasi ya kiwanja. Kiwanja kikiwa cha wakfu, tieni barua ya anayeusimamia. Mradi wa ardhi isiyojulikana ni ya nani husimama hapo hapo.

Na wazee hawakufungiwa nje kabisa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataja baraza la kijiji: msimamizi wa kijiji pamoja na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, walioishi hapo au kumiliki mali hapo miaka mitano mfululizo, na bunge la kaunti liwaidhinishe. Ulizeni kwenu limeundwa au la, na wanaojua chokaa wamo au wamewekwa wajuao kusifu tu.

Nasi tuliorudi na fedha tuna lawama yetu. Twashusha mifuko ya saruji, twaleta fundi wetu, twaandika jina ukutani, mzee akaja kuona kazi imekwisha. Mpelekeni fedha barazani mbele ya watu, zihesabiwe, achague yeye fundi na mchanga.

Paa la tangi likiporomoka, hilo ni la bajeti. Ufa wa kidole ni magunia na mikono ya watu kumi, kabla ya Aprili.