Maneno ya mbio za milimani niliyofundishwa na njia ya Mweka

Nilipojiunga na kikundi cha Moshi kinachokimbia vijia vya juu kila Jumapili, nilikuwa nimeshamaliza nusu marathoni mbili za lami. Nilidhani najua kukimbia. Jumamosi jioni ukaja ujumbe: "Kesho Mweka, kilomita 14, D+ 800. Mwenye kubonki asiseme hakuambiwa." Nikaona aibu kuuliza. Nikasoma 14 tu, nikalala.

D+, wenyewe husema di plasi, ni jumla ya mita unazopanda. Watu wa milimani huhesabu kila mita 100 za kupanda kama kilomita moja ya ziada, kwa hiyo kumi na nne ile ilikuwa kazi ya ishirini na mbili. Siku hizi nauliza D+ kabla ya umbali. Zile mbio kubwa za kuzunguka Mont Blanc, mlima wa Ulaya, zina kilomita kama 170, na D+ karibu 10,000, jumlisha mwenyewe.

Bonki nililijua kwa mwili. Tulikuwa tunafuata mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachaga, katikati ya migomba, njia ya mtu mmoja mmoja wanayoiita singotraki, mizizi na mawe yenye utelezi. Njia ya namna hiyo husemwa ni teknikali: macho hayaachi kutazama pa kukanyaga. Ghafla mikono ikaanza kutetemeka, jasho likawa la baridi, nikakaa ukingoni mwa mfongo nikiwa sioni sababu ya kuinuka. Kaka mmoja mtu mzima akachuchumaa mbele yangu.

"Dada, umekula nini tangu tuanze?"

"Maji tu, kaka."

Akatoa kashata kwenye karatasi, akaimega vipande vidogo, akanisimamia mpaka nikamaliza. Baada ya kama robo saa nikasimama. Bonki ndiyo hiyo: sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini imekwisha, na ukali wa moyo hauirudishi. Sasa nakula kidogo kila nusu saa, hata kama sina njaa, na kwenye mwinuko mkali natembea, viganja juu ya mapaja, kama nilivyoona wazoefu wakifanya. Kutembea huko ni sehemu ya mbio, wala si kushindwa.

Maneno yaliyoniuma ni mawili. Katiofu ni saa ambayo kituo kinafungwa, ukichelewa, unatolewa. Katika mbio zangu za kwanza za milimani nilifika kituo cha pili dakika sita baada ya katiofu. Nyuma yangu alikuwapo swipa, yule anayekuja mwisho kabisa akikusanya vibendera na kuhakikisha hakuna aliyebaki porini. Alinibebea chupa yangu. Mbele ya jina langu pakaandikwa DNF, hakumaliza. Nililia ndani ya gari, na bado naamini walifanya haki: giza la msituni si la kuchezea.

FKT ni muda wa kasi kuliko wote unaojulikana kwenye njia fulani. Mwaka 2014 mkimbiaji wa milimani Karl Egloff alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa saa 6 na dakika 42. Nikiutazama mlima asubuhi, huwa nafikiria hizo saa.

Jumapili iliyopita alikuja binti mgeni, akaniuliza bonki ni nini. Nilimpa nusu ya kashata yangu kabla ya kumjibu.