Amepata Ngapi?

Huku Bukavu ukimtajia mzazi asilimia, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye buletini ya shule. Ndiyo maana leo, tulipomaliza kumpima macho yule kijana mrefu aliyeteremka na baba yake kutoka Kadutu, baba aliuliza, "Sasa amepata ngapi?" Nikamjibu, "Jicho la kuume kama arobaini, Papa." Akasikitika: hata nusu hakufikisha! Ikabidi nimweleze kwamba hapa tunapima lenzi ya jicho imehama kiasi gani kutoka mahali pake, na kupungukiwa ndiyo heri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unaweka matone, unangoja mboni ifunguke kabisa, maana ikibaki ndogo ukingo wa lenzi unajificha nyuma ya irisi, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, nawe utaandika kwamba jicho halina tatizo. Kisha unatazama ni sehemu gani ya mboni lenzi imeiacha wazi. Chini ya robo, imehama kidogo. Robo hadi nusu, kiasi. Zaidi ya nusu, sana. Lenzi za kijana huyu zote mbili zimepanda juu zikielekea upande wa sikio, kama kawaida ya Marfan, ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu zinazoushikilia mwili. Nilimwambia atazame kushoto, halafu kulia: irisi ikatetemeka, kwa kuwa nyuma yake hakuna cha kuiegemeza. Nyuzi zinazoishika lenzi zilionekana kwenye mwanga, zimevutika, nyembamba mno. Zimejengwa kwa fibrilini, protini ambayo jeni yake, FBN1, ndiyo yenye hitilafu.

Ila mimi ngazi hizi huziangalia kwa jicho la pembeni. Zinapima lenzi iko wapi. Mtoto anaona nini, hazijui. Ukingo ukikaa katikati ya mboni, mwanga mwingine unapita ndani ya lenzi na mwingine kando yake, na kuna watoto wanaoona vitu viwili viwili kwa jicho moja tu. Mwenzake ambaye lenzi imeshatoka njiani kabisa, mpe miwani yenye nguvu, huenda akasoma vizuri kuliko yeye. Kwenye karatasi huyo wa pili ndiye mgonjwa zaidi! Ubao wa herufi ndio ninaouamini, na kwa mdogo usichelewe, maana jicho lisiloona vizuri utotoni linazoea uvivu, baadaye hata miwani haisaidii.

Daktari alipotaja moyo, baba alishtuka. Yeye kaja kwa ajili ya macho. Lakini vigezo vya Ghent vya 2010, ambavyo madaktari hutumia kuutambua ugonjwa wa Marfan, vimetanguliza mambo mawili, lenzi iliyohama na aota, mshipa mkuu wa damu, iliyopanuka pale inapoanzia moyoni, na aota inaweza kupasuka bila kupiga hodi.

Nikamtazama baba mwenyewe: mrefu, vidole virefu, miwani minene. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

"Mimi niko mzima, Mama," akasema.

Nikamwambia kesho aende ekografia ya moyo, yaani kupigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, pamoja na mwanawe, na yule binti mdogo aliyebaki nyumbani aletwe tumwekee matone.