Mwiko Umelala au Mwiko Amelala?

Ugomvi wa kwanza tulipoanza kutengeneza katuni ya vyombo vya jikoni haukuwa wa simu wala wa bando. Ulikuwa wa sarufi. Mwanangu wa kiume, wa darasa la tano, alikuwa anasoma kwa sauti hadithi tuliyoiandika jana yake usiku: "Mwiko unaamka, unajinyoosha, unakwenda kumwamsha Birika." Mdogo wake wa kike, wa miaka 6, akamkatiza: "Siyo unaamka. Anaamka! Ukisema unaamka, basi bado ni wa kupikia."

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi, ila nimezaliwa Tanga, kwa hiyo watoto huniletea kesi za Kiswahili kana kwamba mimi ndiye BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa. Niliweka mkasi chini. Kwa kitabu, kaka mtu alikuwa sahihi: mwiko umevunjika, miiko imevunjika. Lakini yule mdogo hakuwa anajibu mtihani. Alikuwa ananieleza, kwa herufi moja tu, kazi yote tuliyokuwa nayo mbele yetu, na mimi sikumwelewa mpaka wiki ya pili.

Ilikuwa likizo ya Juni. Moshi ya Juni ni baridi na ukungu, watoto wako ndani, na simu yangu haipumui. Walikuwa wanapenda katuni za nje ambazo vitu vya nyumbani vinaamka watu wakilala: mashine za kuokea mkate, uma, taa za kusomea. Siku moja bando ikakata katikati, na binti akanitazama kama vile ni mimi niliyeikata. Akauliza, "Mama, mbona vyombo vyetu havisemi?" Nikamwambia vinasema sana, hasa usiku panya akipita. Hakucheka.

Kijana wa jirani anayepiga video za harusi ndiye aliyenionyesha siri yenyewe. Chombo hakisogei. Wewe ndiye unayekisogeza, unatoa mkono, unapiga picha. Unakisogeza tena upana wa punje ya mchele, unatoa mkono, unapiga. Picha zikipitishwa haraka jicho linadanganyika. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, lakini watengenezaji wengi wa katuni huirudia kila picha mara 2, kwa hiyo 12 zinatosha. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo vya mteja: dakika 1, picha 720. Nilitamani kuacha papo hapo. Kijana akaniambia ujanja huu una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1907 Mmarekani mmoja, J. Stuart Blackton, alitoa filamu ambamo vyombo vya mezani vinaandaa chakula bila mkono wa mtu kuonekana, na hakuwa na simu. Basi nikaona haya.

Kutafuta waigizaji kulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea, maana Kiswahili kilishawapa miili zamani. Birika lina mdomo. Chupa ina shingo. Kitana kina meno, meza ina miguu, sufuria ina masikio, na hakuna aliyewahi kushangaa. Tulichobakiza ni macho. Mimi sikosi vifungo: kifungo kikubwa cheupe cha koti, juu yake kidogo cheusi cha shati, na hicho cheusi unakisukuma kwa ncha ya sindano ili chombo kitazame kushoto au kulia. Tulibandika kwa bablishi iliyotafunwa, kazi ambayo watoto walijitolea bila kuombwa.

Midomo ya kusemea niliiogopa. Nilidhani tutahitaji mingi, mmoja kwa kila herufi. Hapo lugha ikatuhurumia tena. Irabu zetu ni 5, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu, kwa hiyo nilikata midomo 5 kwenye vipande vya kitambaa cheusi: a iliyoachama, e, i nyembamba, o ya duara, u ndogo kama tundu la kifungo. Nikaongeza wa 6 uliofungwa, wa m, b na p. Basi. "Chakula" ni a, u, a. "Mbuzi" ni mdomo uliofungwa, u, i. Sauti tulizirekodi kwanza, ndani ya kabati, katikati ya nguo za wateja ili mwangwi usiingie, halafu mwanangu akahesabu kila silabi inachukua picha ngapi. Kwa mtoto anayesema haraka ni 2, na Bibi angechukua 4. Bibi ni mama mkwe wangu. Alikuwa ameshuka kutoka Kibosho, kwa Wachaga wa mlimani, kututembelea na alisema mapema kwamba hataki kuhusishwa.

Picha za majaribio zilikuwa aibu. Mwiko haukutembea, uliteleza, kama mtu anayevutwa kwa kamba. Kosa lilikuwa langu: niliusogeza sentimita 2 kila picha, sawasawa, kama ninavyopima pindo. Hakuna kiumbe anayetembea kwa pindo. Mtu huanza kidogo, anakolea, anapunguza. Tukabadilisha: nusu sentimita, 1, 2, 2, 1, nusu. Na kabla haujaruka, uegemee nyuma kwa picha 3, kama mtu anayevuta pumzi. Kuegemea huko ndiko kulikoleta uhai kuliko macho yote ya vifungo. Kurukaruka kwenyewe hakukunipa shida: niliuning'iniza kwa uzi mweusi, na uzi mweusi mbele ya kitambaa cheusi hauonekani. Kitambaa nilikipata kwenye mitumba ya Memorial, kilikuwa pazia la mtu.

Pazia hilo lilikuja kutusaidia kwa jingine. Siku ya kwanza tulipigia dirishani. Alfajiri mlima ulikuwa wazi, theluji inang'aa. Saa nne mawingu yakaufunika. Saa tano jua likatoboa. Saa sita kiza. Sisi hatukuona chochote cha ajabu, macho huzoea. Lakini tulipozipitisha zile picha, jiko zima lilikuwa linawaka na kuzimika kama taa ya disko. Kazi ya muda wa saa tano, sekunde 9 za katuni, yote ikatupwa. Tangu hapo dirisha linazibwa kwa pazia, taa ni moja, haisogei, na kwenye simu tunabonyeza kioo kwa muda mpaka mwanga na umakini wa kamera vijifunge, vinginevyo simu yenyewe inajiamulia kila picha iwe na mwanga gani. Mimi pia nikaacha kuvaa blauzi nyeupe, maana ilikuwa inaakisi mwanga juu ya sufuria na sufuria ikawa inameta kila nikipumua.

Simu tuliibana katikati ya matofali mawili, tukaifunga kwa lastiki ya sketi. Ukiigusa kidogo tu, ulimwengu wote unatikisika. Dawa yake ni waya wa spika za masikioni: kile kitufe cha kuongeza sauti, kwa simu yangu angalau, kinapiga picha. Binti akawa mpiga picha mkuu, ameketi mbali kwenye ndoo na kitufe chake, anaamrisha, "Toa mkono, Mama. Mkono, Mama!"

Sasa mbuzi. Mbuzi yangu ya kukunia nazi nilikuja nayo kutoka Tanga nilipoolewa. Ni ile ya kukunja, yenye miguu ya kupishana na ulimi wa chuma wenye meno. Watoto wa hapa waliolelewa kwa mtori na ndizi nyama huiona mara moja moja. Kwao ilikuwa kichekesho tosha: kitu kinachoitwa mbuzi, hakili majani, na unakikalia. Ugomvi wa sarufi ukarudi, ila safari hii jibu lilikuwa tayari midomoni mwetu. Sisi tunasema mbuzi ya kukunia nazi, na mbuzi wa maziwa. Neno ni lile lile. Kilichotofautisha cha kukaliwa na cha kuchungwa ni ya na wa. Binti alifurahi kana kwamba ameshinda kesi mahakamani. Akaamua kwamba mtu akiikalia ni mbuzi ya, akiinuka tu na kugeuka nyuma, ni mbuzi wa.

Tulimwekea macho, akawa anatisha, kama kinyago. Tukayatoa. Nilitaka kumwacha nje ya hadithi, maana atajulikanaje ana furaha au huzuni bila uso? Yule kijana wa harusi akanitafutia filamu fupi ya taa mbili za mezani, Luxo Jr., aliyoiongoza John Lasseter wa Pixar mwaka 1986. Ina kama dakika 2, taa hazina macho wala mdomo wala neno, na bado binti yangu alisema, "Yule mdogo amehuzunika." Kichwa kimeinama, basi. Tulirudi kwenye mbuzi wetu: ulimi wa chuma chini ni huzuni, juu ni kiburi, miguu ikikunjwa na kufunguliwa kidogo kidogo anatembea. Kwa maoni yangu ndiye mwigizaji bora tuliyenaye. Dada yangu Tanga alipomwona kwenye simu alicheka mpaka akakaa chini.

Balaa lilitupata Ijumaa jioni, picha ya 214. Umeme ulikatika, tukaacha kila kitu mahali pake. Mwanangu akaandika karatasi, akaibandika mlangoni kwa kalamu nyekundu: NI MWIKO KUGUSA MWIKO. Alijivunia sana. Asubuhi tuliingia jikoni tukakuta Birika linachemsha chai. Mwiko ulikuwa ndani ya beseni la vyombo, umesonga ugali wa watu sita, ncha imeungua kidogo, rangi imekolea kwa maji. Macho yake yalikuwa dirishani ndani ya kisosi, yamepangwa vizuri, yanatutazama.

"Bibi!" binti alilia. "Umempika!"

"Nimepikia," Bibi akamsahihisha. "Kwani mwiko ni wa nini, mjukuu wangu?"

Nilienda soko la Mbuyuni kutafuta mwingine wa kufanana naye. Miiko ya Mbuyuni ni mingi, lakini jaribu kutafuta miwili yenye kifundo mahali pamoja. Nilirudi mikono mitupu, nikiwa tayari kuwaambia tuanze upya au tuache. Nikamkuta mwanangu ameshafuta nusu ya hadithi kwenye daftari. Alikuwa ameandika: Mwiko amerudi kutoka kazini. Amechoka. Ameungua. Birika anamuuliza, "Leo walikuwa wangapi?" Anajibu, "Sita, na mmoja akaomba ukoko."

Hapo ndipo nilipomwelewa binti. Mpaka siku ile vyombo vyetu vilikuwa vinaamka, vinacheza muziki, vinalala. Vilikuwa vinaiga katuni za watu. Havikuwa na taabu yoyote, na kitu kisicho na taabu unaweza kukiambia unaamka au anaamka, hakijali. Mwiko aliyeungua ni mwingine. Ana kitu cha kusimulia akifika nyumbani. Tuliunganisha: picha zile 214 za mwanzo, halafu sekunde 1 ya giza, halafu Mwiko anaingia mlangoni anayumba, mweusi nchani. Hakuna aliyeona kiraka. Sehemu ya kwanza ikaisha: sekunde 48, picha 576, siku 8, bila kuhesabu zilizotupwa.

Sikuitangaza popote. Niliituma kwa ndugu, na pale kibandani wateja wanaosubiri kupimwa huitazama kwenye simu. Mama mmoja alirudi siku ya pili kulalamika kwamba mwanawe amekataa mwiko wao kuoshwa kwa steliwaya. Sehemu ya pili ilikuwa ya kibiriti anayeogopa idadi yake kupungua. Hiyo ilitushinda kidogo, vijiti vya kiberiti ni vyepesi, pumzi ya mtu inaviangusha, na kuvisimamisha upya kila mara kulimmaliza mwanangu uvumilivu. Ya tatu ni ya mbuzi, na ndiyo ninayoipenda.

Sasa tuko kwenye ya nne, na ndani yake yumo kinu. Kinu cha Bibi, kilicholetwa kwetu kutoka Kibosho zamani, hakiinuliwi na mtu mmoja, sembuse kusogezwa kwa upana wa punje ya mchele. Kwa hiyo tukampa uzee: anakaa tu, wengine wanamzunguka, anasema. Mdomo anao mwenyewe, mkubwa, unatazama juu. Kilichokosekana ni sauti. Mwanangu alijaribu kukoroma, haikufaa. Mimi nilisikika kama mimi.

Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Hicho kinu kimechongwa Kibosho," akasema bila kuinua uso, "baba yenu hajazaliwa. Kitajulia wapi Kiswahili cha Tanga?"

Binti akamgeukia. "Lakini Bibi, akisema Kikibosho, nani atamwelewa?"

"Mchi," Bibi akajibu, akasukuma ungo pembeni na kunyoosha mkono apewe ile simu.