Lori lililokuwa baridi kwenye sailensa na kuchemsha mlimani

Huku kwetu Mtwara dereva akiona mshale wa joto umelala chini hufurahi, kwa sababu kinachoogopwa katika joto la pwani ni gari kuchemsha. Dereva wa lori letu la korosho alikuwa na furaha hiyo, nami sikuwa nayo. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi huumia polepole: mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye noseli na vali, na dizeli iliyobaki huchuruzika kwenye kuta za silinda hadi ikachanganyika na oili na kuifanya nyepesi.

Lori lenyewe lina injini ya silinda 6, na tulilinunua likiwa limekwisha kutumika. Msimu wa korosho unapoanza mwezi wa Oktoba, hukaa kwenye foleni ndefu nje ya maghala ya Masasi na Tandahimba, na huko ndiko dalili zilikoonekana. Likiunguruma kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta huku gari limesimama, kwa muda mrefu, mshale ulishuka hadi karibu na alama ya baridi, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ukatoka, na kijiti cha kupimia oili kilionyesha oili imepanda badala ya kupungua. Kilichonishangaza zaidi ni maelezo ya dereva kwamba lori hilo hilo, likipanda na shehena kutoka upande wa Masasi kwenda Newala, lilikaribia kuchemsha. Wengi walitaka kuyatenga mambo hayo mawili, moja liitwe tatizo na jingine liitwe kawaida ya mlima. Mimi niliona ni vema kutafuta chanzo kimoja kitakachoyaeleza yote mawili.

Ni kweli kwamba dizeli kwenye sailensa hutoa joto kidogo, kwa kuwa huvuta hewa nyingi na kuunguza mafuta machache sana, tofauti na injini ya petroli ambayo hewa inayoingia hupunguzwa. Lakini kazi ya themostati ni hiyo hasa: joto likiwa dogo hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta, ili maji yazunguke ndani ya injini peke yake. Injini isiyo na hitilafu inaweza kupoa kidogo ikikaa sailensa, ila haipaswi kushuka kiasi kile, tena katika joto la mwezi wa Novemba.

Kabla ya kugusa spana nilitaka kujua kama geji inasema kweli. Asubuhi injini ikiwa baridi nilifungua mfuniko wa rejeta nikahakikisha maji yamejaa, kwa sababu yakipungua, sensa hubaki kwenye hewa na kusoma joto la chini kuliko lililopo. Kisha niliazima kipimajoto cha mionzi. Chuma cha aluminiamu kinachong'aa hukidanganya kifaa hicho na kukifanya kisome chini, kwa hiyo nilibandika kipande cha utepe mweusi wa umeme kwenye nyumba ya themostati na kupima juu ya utepe. Injini ilipokuwa imekaa sailensa vya kutosha, kipimo kilionyesha nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Geji haikuwa na kosa.

Kipimo kilichonipa jibu hakikuhitaji kifaa chochote. Alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha, niliiwasha na kushika mpira wa juu wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Themostati nzima ikiwepo, mpira huo hubaki baridi kwa muda mrefu wakati injini yenyewe inapata moto, kisha hupata joto kwa ghafla vali inapofunguka. Huu ulianza kuwa vuguvugu karibu tangu mwanzo, ukapanda sambamba na injini. Maji yalikuwa yakipita kwenye rejeta bila kizuizi. Niliichunguza feni pia, kwa kuwa klachi yake ikiganda feni huzunguka kwa nguvu wakati wote na kupoza kupita kiasi, lakini ilikuwa sawa.

Tulimwaga maji, tukafungua bolti za nyumba ya themostati, na ndani tukakuta pete tupu. Fundi wa zamani alikuwa ameukata moyo wa themostati na kurudisha fremu yake peke yake ili gasketi ikae vizuri. Mzee mmoja fundi aliyekuwa karibu nasi hakuona ajabu. Aliniambia, "Mwanangu, huku pwani hicho kidude hakina kazi, kinachemsha gari bure."

Nilimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, hiki ndicho kilichokuwa kinalichemsha mlimani kwa kukosekana kwake." Nikamwonyesha tundu la njia fupi lililo chini ya nyumba ile. Katika injini ya aina hii themostati ina vali mbili: ya juu inapofungua njia ya rejeta, ya chini huziba njia fupi inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiiondoa, njia zote mbili hubaki wazi siku zote. Kwenye sailensa, sehemu ya maji hupitia kwenye rejeta na kupoa bila sababu. Mlimani, injini inapohitaji kila tone la maji lipoe, sehemu nyingine hupita njia fupi na kurudi ikiwa ya moto vilevile. Mzee aliingiza kidole kwenye tundu, akaliangalia kwa muda, akaomba aione themostati mpya.

Ilikuwa imegongwa namba 82, yaani huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Sikuifunga kwanza. Niliining'iniza kwa waya ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, nikaona vali ikiachia karibu na namba hiyo na kufunguka kwa milimita kama 10 maji yalipokaribia 95. Ningeshauri kila mtu afanye hivyo, maana bandia ziko nyingi madukani. Tuliifunga kitundu chake cha kutolea hewa kikiwa juu, gasketi mpya, kisha tukajaza maji taratibu injini ikiwa imewashwa, mpaka mapovu yalipokwisha.

Tulibadilisha pia oili na chujio lake, kwa kuwa oili iliyochanganyika na dizeli haifai kuachwa hata kama chanzo kimeondolewa. Sasa kwenye foleni kipimajoto husoma 80 na kitu, moshi mweupe umekwisha baada ya injini kupata moto, na oili haipandi tena kwenye kijiti. Kwenye mlima wa Newala mshale hupanda kidogo na kutulia. Bado nimemwomba dereva azime injini kila foleni inaposimama kwa muda mrefu, kwa sababu themostati hulinda joto lililopo, haiwezi kuongeza lile ambalo sailensa haitoi.